Safari ya Mkunazini na Kamba ya Mbuzi

Mwezi uliopita hamkuona neno letu katika ukurasa huu, na baadhi yenu mmetuma watu kuuliza kama tu wagonjwa. Twashukuru kwa kutukumbuka. Hatukuwa wagonjwa wa mwili. Tulikuwa safarini, tukitoka kwetu Masasi kwenda Unguja kwa kazi ya kanisa, kisha tukarudi kwa njia ya Lindi kwa kazi yetu wenyewe. Leo twataka kuwaeleza tuliyoyaona njiani, pamoja na jambo moja tulilojifunza juu ya nafsi yetu. Jambo lenyewe si la kujisifia. Lakini mwalimu afichaye kosa lake, huku akiyaanika makosa ya wenzake, afanya kazi bure kama mtu achotaye maji kwa pakacha.

Kwanza yafaa mjue jinsi tulivyoondoka nyumbani. Mwanetu wa kwanza, kijana wa miaka 14, hakuwapo. Wiki tatu kabla ya safari, wakati wa likizo, tulimwachia mbuzi awachunge, naye akawaacha akaenda kucheza mpira na wenzake. Mbuzi wakaingia katika shamba la mihogo la jirani, wakala mpaka jua likakaribia kutua. Jirani akaja kushtaki mbele ya wageni waliokuwa wameketi barazani petu. Tuliona haya, na haya ile ikageuka hasira. Tukaitwaa kamba ya mbuzi iliyokuwa imetundikwa ukutani, tukampiga mtoto kwa kamba hiyo, wala hatukuhesabu. Mama yake alipoona hatuachi akaingia kati, na pigo moja likampata yeye. Hapo ndipo tulipoacha.

Usiku ule kijana akaondoka. Siku ya pili tukapata habari kutoka Lindi, kwa mjomba wake. Ninyi wenzetu wa kusini mwajua mjomba ni nani kwetu. Neno lake juu ya mtoto wa dada yake si dogo. Naye alituletea maneno machache tu: "Mtoto yupo, ni mzima. Shemeji akimtaka, na aje mwenyewe, tena aje mikono mitupu." Tuliposikia hayo tuliudhika sana. Tukamwambia mama watoto, "Sisi tulipigwa kuliko huyu, na ndiyo sababu tumekuwa watu." Neno hilo hatukulisema mara ya kwanza siku ile. Tumelisema miaka mingi mbele ya wazazi wajao kutuuliza habari za malezi, tukaongeza na methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, nao wakaenda zao wameridhika. Mama watoto hakujibu neno. Akaendelea kupepeta mchele wake.

Basi tukapanda gari alfajiri, majabali makubwa ya Masasi yakiwa bado meusi kama tembo waliolala. Njia yateremka polepole kuelekea pwani, na huku na huku ni mikorosho, ambayo wakati ule ilikuwa imeanza kutoa maua. Baada ya saa chache tukafika Lindi, tukaiona bahari. Gari likasimama kushusha abiria. Nyumba ya shemeji haikuwa mbali na pale. Sisi tukakaa kitini mwetu, tukatazama upande wa bahari, hata gari likaondoka.

Njia hiyo ina historia ambayo kila mtoto wa Masasi yafaa aijue. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, wa Misheni ya Vyuo Vikuu, alitoka Unguja pamoja na jamii ya watu waliokombolewa katika utumwa, waume kwa wake, wakashuka Lindi, wakaja kwa miguu mpaka Masasi. Wengi wao asili yao ilikuwa nchi hizi za bara ya kusini, Wayao na Wamakua na Wanyasa. Walitoka kwao wamefungwa, nao sasa walirudi hawana kamba. Nia ya kwanza ilikuwa kusonga mbele hata Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakakaa. Wala maisha hayakuwa mepesi. Mwaka 1882 mashujaa wa Kingoni walioitwa Magwangwara waliuvamia mji, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Watu waliokwisha kuuonja utumwa mara moja wakauona tena umesimama mlangoni pao. Walakini mji haukufa, nasi tulio wazao ndio mashahidi.

Upande wa mama yetu, sisi tu wa watu hao. Bibi mzaa mama alituambia habari hii siku moja tu, tena kwa sauti ndogo, kwa sababu zamani watu waliona aibu kutajwa kuwa uzao wa watumwa. Ndugu wakigombana, neno hilo ndilo jiwe la kwanza kutupwa. Alisema ya kuwa bibi yake yeye alichukuliwa angali msichana mdogo, akapelekwa pwani ya Kilwa, kisha Unguja. Mambo aliyoyaona huko hakuyasimulia hata siku ya kufa kwake. Desturi moja tu aliiacha: nyumbani kwake mbuzi hafungwi kamba shingoni, hufungwa mguuni. Mtu akimfunga mbuzi shingoni, yule mzee hutoka mwenyewe na mkongojo wake, akamfungua. Bibi yetu akaishika desturi hiyo, mama yetu akaishika, na hata leo mbuzi wetu hufungwa mguuni. Majirani hutucheka, wakisema kamba ya mguu humkwaza mnyama. Hatukujua la kuwajibu. Tulisema tu, ndivyo tulivyokuta kwa wazee.

Tulipofika Nangurukuru, tukaiona njia iendayo Kilwa Kivinje ikikata kuelekea baharini. Katika karne ya 19 mji ule ulikuwa bandari kuu ya watumwa waliotoka pande za Ziwa Nyasa. Misafara ilikuja hapo kwa miguu, mwendo wa wiki nyingi, na waliochoka njiani hawakungojwa. Kutoka hapo waliobaki wakapakiwa katika majahazi. Wengine wakaishia katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakavushwa mpaka Uarabuni. Twapenda kusema kweli yote, kwa maana nusu ya kweli ni ndugu wa uongo. Wanunuzi wa pwani walikuwa wageni na wenyeji wa pwani. Lakini walioteka na kuuza huko bara, mara nyingi walikuwa watu wa kwetu, wakubwa wetu na wapiganaji wetu, waliobadili mwanadamu kwa nguo na bunduki na baruti. Anayekwenda kulilia utumwa hana budi kujua ya kuwa katika jamaa zake yamkini yumo aliyefungwa, na yumo aliyeshika ncha ya pili ya kamba.

Tukavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko, na mto ulipofurika walilala kando yake wakingoja. Usiku tukaingia Dar es Salaam, na asubuhi yake tukapanda boti. Safari ya majini yapata saa mbili tu. Tulikaa juu upepo ukitupiga, tukawaza ya kuwa maji haya ndiyo aliyoyavuka bibi wa bibi yetu, akiwa chini ya sitaha, asijue aendako.

Tukashuka bandarini Malindi, tukamaliza kwanza kazi tuliyotumwa. Siku ya pili tukaenda kwa miguu kupitia soko la Darajani, palipojaa samaki na viungo na sauti za watu, mpaka Mkunazini, likatokea Kanisa la Kristo na mnara wake. Mahali pale ndipo palipokuwa soko la watumwa la Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mapatano ya kuyafunga masoko ya watumwa katika nchi yake yote. Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana ya mwaka ule ule, jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Askofu Steere aliisimamia kazi ya kujenga, akaingia na mafundi wake hata katika hesabu ya mawe. Dari ya kanisa imepindwa kama pipa lililolazwa, nayo ni ya saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Watu wengi waliamini itaanguka. Hata leo haijaanguka. Twaambiwa pia ya kuwa nguzo kadhaa zilizo karibu na mlango zilisimamishwa kichwa chini, miguu juu, wakati Askofu alipokuwa hayupo, naye aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Kijana mmoja mwenyeji, Mwislamu mwenye adabu, ndiye aliyetuongoza. Alitusalimu, "Shikamoo Mzee," tukamwitikia, akatuuliza tutokako. Tulipomwambia Masasi, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi Mzee, wewe hukuja kutazama. Umekuja kuzuru." Akatuchukua kwanza mpaka katika vyumba viwili vya chini ya ardhi, vilivyo chini ya nyumba ya wageni iliyo karibu na kanisa. Dari yake ni fupi, mtu mzima hawezi kusimama wima. Hewa ni nzito, na nuru yaingia kwa vitundu vyembamba. Husimuliwa ya kuwa watumwa walirundikwa humo wakingoja siku ya soko. Lakini kijana yule akatuambia, "Mzee, wapo wanahistoria wasemao ya kuwa nyumba hii ilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa. Mimi huwaambia wageni mambo yote mawili."

Tukamwuliza, "Mbona wajipunguzia habari? Wageni hawatapenda zaidi wakisikia ya kwanza peke yake?"

Akajibu, "Soko lilikuwapo hapa, hilo halina shaka. Maumivu ya kweli yatosha, Mzee. Hayahitaji kuongezewa."

Neno lile likatuingia, ingawa saa ile hatukujua limeingia wapi.

Kisha akatupeleka uani. Hapo pana shimo la mraba lililojengwa kwa mawe, na ndani yake wamesimama watu watano wa mawe, waliochongwa katika miaka ya 1990 na mwanamke wa Kiswidi, Clara Sörnäs. Kuta za shimo zimewazunguka, nao hawawezi kupanda kutoka. Nyuso zao hazilii wala hazipigi kelele, zangoja tu. Na shingoni mwao mna mapingu, na mnyororo wa chuma wawaunganisha mmoja na mwenziwe. Yule kijana akasema, "Mnyororo huu, Mzee, haukuchongwa. Twaambiwa ni wa zama zile zenyewe."

Tukautazama mnyororo shingoni mwa yule mwanamke wa jiwe. Na pale, bila kutazamia, tukawaona mbuzi wetu. Tukamwona mzee mwenye mkongojo akitoka nyumbani mwake, akiinama kwa taabu, akifungua kamba shingoni mwa mnyama, asimwambie mtu sababu. Kumbe sababu ilikuwa hii. Alikuwa na maumivu asiyoweza kuyasema kwa kinywa, akayasema kwa kamba ya mbuzi, ili kwamba nyumbani mwake kisiwepo kiumbe, hata kile kisichonena, kitakachovutwa kwa shingo. Watu wa vizazi vitatu tukaishika kamba, na maana yake tukaiacha njiani.

Halafu tukaikumbuka kamba yenyewe. Tuliitumia kwa kazi gani mara ya mwisho? Mkono uliompiga mtoto ulikuwa mkono wa uzao wa yule mzee, na kamba ilikuwa ile ile aliyoitoa shingoni. Wasomaji wetu, tuliketi juu ya ukingo wa shimo lile, miguu haikuwa na nguvu. Kijana mwongozaji akadhani ni jua, akatuletea maji.

Tulipopata nguvu tukaingia kanisani. Mbele ya madhabahu sakafuni mna duara ya marmar, na watu huambiwa ya kuwa hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa na kuchapwa mbele ya wanunuzi. Aliyestahimili bila kulia, bei yake ilipanda. Tulisimama mbele ya duara ile muda mrefu. Tulijiuliza: sisi, tuliokuwa tukijisifu mbele ya wazazi ya kuwa tulipigwa tusilie, tulikuwa tukijisifu kwa kipimo cha nani? Ukutani karibu na hapo pana msalaba wa mti uliokatwa katika mti wa Chitambo, ambao chini yake moyo wa Daktari Livingstone ulizikwa na watumishi wake mwaka 1873. Tukasali, kisha tukatoka.

Usiku ule usingizi haukuja. Tukalala chali tukakisikiliza kile kidole chetu kidogo cha mkono wa kushoto, kilichopinda, ambacho huuma wakati wa baridi. Mwajua habari yake, kwa maana tumeisimulia mara nyingi. Tulipokuwa na miaka 11, sanduku la chaki lilipotea katika shule tuliyosoma. Hatukulichukua sisi. Mwalimu mmoja akatutaka tuunyoshe mkono juu ya meza, akapiga vidole kwa ubapa wa fimbo, na kimoja kikavunjika. Hatukulia. Ndivyo tulivyozoea kusimulia, na mwisho wa masimulizi yetu ulikuwa daima ule ule: fimbo ile ilitufanya mtu.

Lakini neno la yule kijana lilikuwa limekaa nasi kitandani: maumivu ya kweli hayahitaji kuongezewa. Nasi tukaona ya kuwa hata kupunguzwa hayataki. Tukaanza kuikumbuka habari ile tena tangu mwanzo, pole pole, kama mtu ahesabuye fedha asiyoiamini. Je, baada ya fimbo tulikwenda wapi? Tulikimbia. Miezi miwili hatukuikanyaga shule. Tulijificha mashambani, tukamwambia mama ya kuwa kidole kiliumizwa na jembe. Kusoma tukakuchukia, na watu wa kusoma tukawachukia. Kama tungaliachwa hivyo, leo tusingaliweza kuyaandika maneno haya. Aliyetutoa huko ni katekista mmoja mzee wa kijiji chetu. Alitukuta chini ya mwembe, akaketi kando yetu, asiulize neno juu ya shule. Akakitazama kidole, akakifunga kwa kitambaa na kijiti. Kesho yake akaja na kitabu. Wiki nyingi akatusomesha chini ya mwembe ule, na siku tulipokuwa tayari, akatushika mkono, mkono ule ule wenye kidole kilichopinda, akatembea nasi mpaka shuleni, akasema na mwalimu mkuu kwa ajili yetu.

Basi ni nani aliyetufanya mtu? Habari ya fimbo tuliisimulia labda mara mia. Habari ya mkono wa mzee yule hatukuisimulia hata mara kumi. Tulikuwa tumeikumbuka fimbo tukaisahau dawa, nasi tukawagawia watu fimbo tukidhani twawagawia dawa.

Tukamkumbuka na mtu mwingine, ambaye habari zake zimo katika historia ya kanisa letu. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyechukuliwa utumwani angali mdogo, akaletwa Unguja. Alipopata uhuru akasoma katika chuo cha Kiungani, akapelekwa hata Uingereza kuendelea na masomo. Mwaka 1890 akafanywa padre, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja hiyo katika misheni ile. Alikuwa amekwisha kurudi kusini, Chitangali, katika nchi ya Wayao, akafundisha watu wa kabila lake. Hebu fikirini. Nchi ile ndiyo iliyompoteza akiwa mtoto. Angaliweza kukaa Unguja, au kurudi kwao na moyo wa kisasi. Yeye akarudi na shule. Maumivu yake aliyageuza kuwa njia ya kuwaendea watu, na watoto waliosoma kwake wakapata kitu ambacho yeye hakukipata alipokuwa na umri wao.

Tulirudi kwa boti, tukapanda gari la kusini, na safari hii tukashuka Lindi. Shemeji alikuwa mlangoni. Tukamwonyesha mikono yote miwili, wazi, kama alivyotaka. Hakucheka. Akasema, "Karibu, Shemeji," akatupa kiti. Baada ya kitambo mwanetu akaja na maji ya kunywa katika kikombe. Akasema, "Shikamoo, Baba," akatupa kikombe kwa kunyosha mkono wake wote, ili asisogee karibu, kisha akarudi kusimama karibu na mlango wa uani. Wasomaji wetu, katika mambo yote tuliyoyaona katika safari hii, hakuna lililotuumiza kuliko ule urefu wa mkono wake.

Tukamwambia mbele ya mjomba wake, "Mwanangu, nilikupiga kwa hasira, na kwa sababu niliona haya mbele ya wageni. Kosa lako lilikuwa kuwaacha mbuzi. Kosa langu ni kubwa kuliko lako. Naomba unisamehe."

Akatazama chini. Mjomba wake akamwuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Hakusema zaidi, nasi hatukumlazimisha. Jioni tulipokuwa tumeketi nje, akaja akaketi upande wa pili wa mkeka, akasema, "Baba, hicho kidole ni kweli hukulia?" Tukamwambia, "Pale mezani sikulia. Nililia baadaye chini ya mwembe, kwa muda wa miezi miwili." Ndipo tukamweleza habari yote, pamoja na yule katekista mzee na kile kitambaa. Tukamweleza na habari ya bibi wa bibi yetu, na sababu ya mbuzi wetu kufungwa mguuni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia zamani?" Tukajibu, "Kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijui ninachokikumbuka."

Asubuhi tukaondoka peke yetu. Kijana alisema atakuja shule zitakapofunguliwa. Nyumbani tulimwomba radhi mama watoto kwa pigo lililompata, na kwa maneno tuliyomwambia baadaye. Akatazama usoni petu kitambo, akasema, "Nimekuelewa, Baba watoto. Nitaona." Ni haki yake kuona kwanza. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe Unguja haikutolewa mpaka mwaka 1897. Mlango wa soko waweza kufungwa kwa siku moja. Desturi iliyojaa ndani ya nyumba hudai muda zaidi na macho mengi ya kuilinda.

Kijana alirudi siku mbili kabla ya shule, juu ya gari la mizigo, na furushi lake. Alikwenda moja kwa moja kuwatazama mbuzi. Kwa habari ya mihogo, tumekwenda sote wawili kwa jirani, tukapatana naye ya kuwa mvua zitakapoanza tutampandia upya sehemu iliyoharibika, baba na mtoto pamoja. Hivyo kosa la kuwaacha mbuzi halikuachwa bila malipo. Lakini malipo yake ni jasho la shambani, na jirani atapata mihogo yake, jambo ambalo kamba haikumpatia.

Basi, ndugu na dada wasomaji, twawaacha na maneno haya. Wahenga walisema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni kweli, mtu asikae akilamba kidonda cha jana asilime shamba la leo. Lakini mganga hawezi kuganga yajayo kama hajui mgonjwa aliumwa na nini. Torati yenyewe iliwaamuru Waisraeli waukumbuke utumwa wa Misri, wala haikuwaamuru hivyo ili walipe kisasi, wala ili wajisifu kwa uvumilivu wao. Iliwaamuru wamtendee mema mgeni na mtumwa aliye katika malango yao, kwa maana wao wenyewe waijua hali hiyo.

Kwa hiyo kila mmoja wetu aliyepigwa, aliyedharauliwa, aliyenyimwa shule, aliyelala njaa nyumbani mwa watu, na aikumbuke siku ile, aikumbuke yote, asiongeze wala asipunguze. Amkumbuke aliyeumiza, na amkumbuke pia aliyemfunga kidonda. Kisha atazame mikononi mwake, aone ameshika kipi kati ya viwili hivyo. Wazazi tuliowashauri miaka iliyopita kwa neno letu la zamani, twawaomba radhi. Neno lile halikuwa kweli, nasi twalifuta hapa mbele ya wasomaji wote. Mkipita Masasi, karibuni barazani petu. Ukutani mtaona kamba imetundikwa. Msiiogope. Kazi yake ni moja tu, kumfunga mbuzi, tena mguuni. Na mtoto yeyote wa nyumbani mkimwuliza sababu, sasa ataweza kuwaambia.

Wasalaam. Ndisi ndugu yenu, katekista wa Masasi.